Chupa Zangu na Uchafu wa Uaso

Jumatatu, 6 Februari 1967

Mtaalamu wa maji amefika ofisini kwetu, hapa Isiolo. Anaitwa Bwana Fonseca, Mgoa wa Nairobi. Mfupi, soksi ndefu, miwani. Amekuja na sanduku la chupa za mdomo mpana, mizani ndogo, jiko la kukaushia matope, na hadubini ambayo hataki mtu aikaribie na kikombe cha chai.

Kazi yenyewe ni hii. Huko chini, pale Mto Isiolo unapoingia Uaso Nyiro, maji yamekuwa meusi na yananuka. Pampu ya kambi ya askari inaziba kila mara. Bwana Fonseca ametueleza kwamba weusi huo ni mabaki ya viumbe: majani, mavi, damu, mizizi, chochote kilichowahi kuwa hai kikafa na kuozea majini. Anataka kujua yametoka wapi. Mashamba ya migomba huko juu? Kichinjio cha mjini? Mahali pa kunyweshea ng'ombe? Au matete ya chini? Kila chanzo, anasema, kina alama zake. Tukichota matope kila mahali na kuyalinganisha na yale ya mlangoni mwa mto, tutajua baba wa uchafu ni nani.

Nikataka kujua baba akipatikana atafanywa nini. Kaimenyi wa stoo akaniwahi kuuliza, maana hajui kufunga mdomo. Jibu: atafungwa. Wakubwa wa wilaya wameshasema. Yakiwa ni mavi ya ng'ombe, pa kunyweshea patafungwa, na ng'ombe wa kijiji cha ulinzi watapelekwa kwenye silanga, lile bwawa la upande wa pili. Hiyo silanga naijua. Maji yake hayajazi sufuria.

Hapo nilishtuka kweli. Ng'ombe hao ni wa akina Tache, Waborana waliozungushiwa miiba tangu vita vya shifta, wale waasi wa vichakani, vilipopamba moto. Maziwa yao ndiyo anayouza eedo Habsa, dada wa marehemu baba. Na kwa eedo ndiko ninakolala na kula. Eedo ameshanieleza mara nyingi kwamba mwanamume mzima anayekula bure anavumiliwa maziwa yakiwepo tu.

Jambo la pili. Nafasi ya Mkaguzi Msaidizi wa Maji iko wazi. Baiskeli! Koti la kaki! Nyumba ya matofali! Bwana Fonseca atampendekeza mmoja wetu. Mimi ni karani. Kaimenyi ni mtunza stoo. Mwenye macho haambiwi tazama.

Jumanne, 7 Februari

Mpango wa kwanza. Kazi imegawanywa sehemu mbili. Juu ni ndizi, kivuli na amani. Chini ni vichaka, na juzi juzi lori limepigwa risasi huko. Mimi nataka juu.

Asubuhi nilimwahi Bwana Fonseca kabla hajamaliza chai. Nikamweleza kwa masikitiko kwamba huko juu kuna chui, nyoka na wakulima wakali wenye panga. Kazi ya mtu jasiri. Nikaongeza kwamba Kaimenyi, mwenzangu ninayempenda sana, ni mwoga tangu utotoni. Bwana Fonseca alinisikiliza vizuri. Akanishika bega. Akasema amefurahi kujua kwamba ofisi hii ina jasiri, kwa sababu Inspekta wa polisi amemwambia hatari yote iko chini.

Kaimenyi anaenda juu. Mimi chini.

Huko juu Kaimenyi ana mjomba, M'Ikiara, Mmeru mwenye migomba mpaka ukingoni mwa mto. Atakula ndizi za kuchoma na kulala kivulini. Amechukua chupa zake palepale na kuondoka akipiga mluzi. Babu yangu aliletwa Isiolo na bunduki ya Mfalme begani, akapewa kiwanja kwa ushujaa wake. Mjukuu amepewa chupa.

Jumatano, 8 Februari

Leo nimefanya jambo la akili kuliko yote niliyowahi kufanya. Mimi si mtu wa kujisifu, lakini naandika ili kumbukumbu iwepo.

Bwana Fonseca alikuwa analalamika kuhusu joto. Matope yakifungiwa kwenye chupa, anasema, yanaendelea kuoza njiani, na yakioza alama zinapotea. Huko kwao wana barafu. Hapa barafu tunaisikia tu. Akakuna kichwa.

Mimi nikamfikiria eedo. Maziwa ya eedo yanakaa siku nyingi kwenye joto hili hili bila kuharibika. Kwa nini? Kwa sababu vibuyu vimefukizwa! Kila mtoto hapa Isiolo anajua hilo. Unachukua kijiti cha ejersa, ule mzeituni mwitu unaonukia, unakiwasha, unakitia ndani ya chombo, unafunika, unatikisa, moshi unaingia kila mahali. Kisha unapangusa. Basi. Chombo kiko tayari.

Eedo alipokwenda sokoni nikaingia jikoni kwake na chupa zangu zote. Nikawasha ejersa. Chupa ya kwanza ililia pa! ikapasuka. Nimeizika kwenye jivu. Zilizobaki nilizipasha joto polepole kwanza, zikakubali. Nikazitikisa vizuri, nikazipangusa kwa brashi ya eedo ya kusafishia vibuyu. Sikuziosha kwa maji. Anayeosha chombo baada ya kukifukiza hakulelewa na Msomali wala Mborana.

Chupa zinanukia mpaka nilitamani kunywea. Sitamwambia mtu. Matope yangu yatakapofika yakiwa mazima na ya Kaimenyi yakiwa yananuka, ndipo nitakaposimama na kueleza. Halafu baiskeli.

Alhamisi, 9 Februari

Nimerudi nikiwa hai. Kiatu kimoja hakikurudi.

Nilipewa Erot anilinde. Mturkana, askari wa akiba, bunduki ya zamani na tumbaku shavuni. Tulianzia kichinjioni, tukapita kizuizi cha polisi, tukafika pa kunyweshea. Ng'ombe wa Tache walikuwa wamefika, na askari wengine wakiwachunga kama wafungwa. Wanaruhusiwa kutoka miibani jua likishapanda, wanywe, warudi. Nilimsalimia Tache kwa heshima, salaam aleikum, Abo, kisha nikainama nyuma ya fahali wake na chupa yangu. Tache akaniuliza kama serikali, ikishamaliza kuchukua malisho, sasa imekuja kuchukua na mavi.

Nilimweleza kwamba ni sayansi. Akauliza sayansi hiyo itasema nini. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mimi niko upande wake. Akasema huko nyuma ya fahali ndiko upande wangu, basi nitazame teke. Erot alicheka mpaka akameza tumbaku.

Kisha matete. Kisha mlangoni mwa mto. Matope meusi mpaka kiunoni! Nilimwomba Erot atangulie kuangalia kama kuna mamba. Akasema yeye ameagizwa kunilinda na watu tu. Nikaingia. Nikazama. Erot akanivuta kwa kitako cha bunduki, lakini kiatu kikabaki ni mali ya Uaso.

Jambo moja la siri. Ndizi zangu za mchana zilikuwa zimefungwa kwa jani la mgomba. Nilipokuwa nakula nikapata wazo. Vipande vichache vya jani kwenye chupa ya mlangoni vitamsaidia Bwana Fonseca kufikiria vizuri kuhusu mashamba ya juu. Nilikata kwa kisu vipande vidogo vidogo. Ng'ombe watabaki na maji yao, eedo atabaki na maziwa yake, na mjomba wa Kaimenyi atajieleza mwenyewe.

Ijumaa, 10 Februari

Udhalimu! Nimeshindwa hata kusikiliza hotuba msikitini.

Nilipeleka chupa asubuhi. Kaimenyi naye akaleta zake, amenenepa. Bwana Fonseca akafungua za Kaimenyi. Akarudisha kichwa nyuma. Zinanuka! Akafungua zangu. Akanusa. Akanusa tena. Akasema ajabu, hizi hazijaoza kabisa, nani alizitayarisha?

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri, nikianza na shukrani kwa wazazi. Kaimenyi akaniwahi tena. Akasema kwa sauti ya upole kwamba chupa zote za ofisi ziko chini ya mtunza stoo, na mtunza stoo ni yeye, na yeye huwa haruhusu chupa itoke ikiwa chafu. Bwana Fonseca akatoa kalamu akaandika: Kaimenyi, utayarishaji mzuri wa chupa.

Kama ningepinga palepale ningeonekana mgomvi. Nikanyamaza. Mpango wangu sasa ni kungoja matokeo, kisha nitoboe kwa wakati wake.

Kuhusu vipande vya jani la mgomba: Bwana Fonseca alivitoa kimoja kimoja kwa kibanio, akasema amefanya kazi kwenye mito mingi lakini huu ndio mto wa kwanza kuuona unaotumia kisu. Akavitupa. Alinitazama mimi? Sidhani.

Jumamosi, 11 Februari

Habari kubwa. Afadhali niketi kwanza.

Bwana Fonseca ameangalia matope kwa hadubini. Kwenye chupa za juu: majani, mizizi, vitu vya kawaida. Lakini kuanzia kichinjioni mpaka mlangoni, kila chupa ina chembe za makaa! Nyingi, nyeusi, mpya. Na kwenye baadhi yake kuna matone madogo ya mafuta. Aliyapima. Mafuta ya maziwa.

Hakujua la kufanya na makaa, hayamo katika orodha yake ya vyanzo. Kwa bahati mbaya Inspekta alikuwa amekuja kuuliza habari za pampu. Aliposikia hayo alisimama wima. Makaa na maziwa? Huko chini, ambako hakuna mtu anayeruhusiwa kuishi? Basi kuna watu vichakani. Wanawasha moto, wanakunywa maziwa, wanaosha vyombo mtoni. Ni kambi. Na nani anayewapa maziwa kama si wenye ng'ombe?

Mwili ulinisisimka. Shifta! Nami nilikuwa palepale, nimezama kiunoni, pengine wananitazama! Niliwaambia Inspekta na Bwana Fonseca kwamba siku ile nilihisi kitu, ila sikutaka kumtisha Erot. Inspekta aliniuliza nilihisi nini. Nikasema harufu ya moshi. Ni kweli kabisa, harufu ya moshi ilikuwepo. Inspekta akanipa mkono. Kaimenyi alikuwa anaona.

Mtu akiwa jasiri hata baiskeli inamjia yenyewe.

Jumatatu, 13 Februari

Amri imetoka. Pa kunyweshea pamefungwa mpaka askari wamalize kusaka vichaka vyote vya chini. Ng'ombe wabaki miibani. Watakaohitaji maji waende kwenye silanga. Watu wa kijiji wametuma neno kwamba silanga imebaki tope lililopasuka. Wameambiwa wavumilie.

Eedo amerudi kutoka sokoni na vibuyu vitupu. Alivitundika ukutani, akakaa, akanitazama mimi. Halafu akasema. Alisema Wallahi amelea mtoto wa kaka yake, akamsomesha, akampa chumba, na mtoto huyo amekwenda kuchota mavi chini ya ng'ombe za watu mpaka ng'ombe zenyewe zimefungiwa maji. Nilimweleza kwamba si mavi, ni makaa. Akasema makaa atanipaka mimi usoni.

Nilikula chapati kavu.

Jumanne, 14 Februari

Nilikwenda kijijini na Erot, kwa sababu Bwana Fonseca alitaka mavi makavu ya kulinganishia. Afadhali angemtuma mwingine.

Ng'ombe wote wamelala upande mmoja wa ua, vichwa vimeelekea mtoni. Wanasikia harufu ya maji. Hawalii tena. Tache alikuwa amechuchumaa karibu na ndama, anamlowesha mdomo kwa kitambaa. Hakuniuliza habari za sayansi. Aliniuliza tu kama ninaifahamu hiyo kambi ya watu wanaoosha vyombo, maana yeye amekaa hapa maisha yake yote na hajawahi kumwona Mborana, Msomali wala Mrendile anayeosha chombo cha maziwa kwa maji ya mto. Chombo kinafukizwa. Kila mtu anajua.

Nikasema ndiyo, Abo, kila mtu anajua. Nikaondoka na mavi yangu.

Nyumbani eedo alinipa chai. Maziwa kidogo ya mwisho, yaliyobaki kwenye kibuyu kimoja. Juu ya chai kulikuwa na vumbi jeusi linaelea. Nililalamika. Akasema ni makaa ya ejersa, huwa yanabaki hata upanguse vipi, na tangu lini bwana mkubwa amekuwa hapendi makaa kwenye maziwa?

Nilitazama ile chai mpaka ikapoa.

Makaa. Brashi ya eedo. Mafuta ya maziwa.

Ewe Mola. Kambi ya shifta ni mimi.

Jumatano, 15 Februari

Sikulala vizuri. Nimefikiria kila njia.

Njia ya kwanza ni kusema ukweli. Inspekta ameshaomba askari wa nyongeza kwa ajili ya ile kambi. Nikimwambia kwamba wanawinda jiko la eedo, nitaondoka ofisini bila kazi, na pengine kwa lori la polisi. Baiskeli itakwenda kwa Kaimenyi. Hapana.

Njia ya pili ni bora. Tatizo ni kwamba makaa yameonekana chini tu, kwa hiyo wa chini ndio wanaoshukiwa. Makaa yakionekana na juu pia, hakuna wa kushukiwa. Itaonekana ni mto tu una tabia ya kuwa na makaa! Inspekta atakata tamaa, ng'ombe watakunywa, na mimi nitabaki karani mwenye heshima.

Nikamwambia Bwana Fonseca kwamba sayansi ya haki inataka Kaimenyi arudie chupa za juu. Akasema wazo zuri. Kaimenyi akafurahi, anapenda ndizi. Wakati wa chakula cha mchana niliazima ufunguo wa stoo, nikachukua chupa zote zilizobaki, nikazifukiza kwa eedo. Safari hii hakuna hata moja iliyopasuka. Mkono wangu umezoea.

Ninapomfikiria yule ndama naona aibu. Lakini kesho kutwa kila kitu kitakuwa sawa.

Alhamisi, 16 Februari

Si sawa.

Kaimenyi alileta chupa mapema, Bwana Fonseca akatazama, makaa tele. Mpaka hapo mpango ulikwenda kama nilivyotaka. Lakini Inspekta hakukata tamaa. Macho yalimtoka. Akasema basi adui yuko mto mzima! Kabla ya adhuhuri askari walikuwa wamefika shambani kwa M'Ikiara, wakapindua vihenge, wakafyeka migomba kutafuta jiko lililofichwa. Mzee wa watu amekalishwa chini ya ulinzi. Na amri mpya imetoka: hakuna mtu wala mnyama atakayegusa Mto Isiolo, juu wala chini, mpaka upekuzi uishe. Hata mjini tunapanga foleni kwenye bomba moja.

Nilitaka pasiwe na mkosaji. Sasa wakosaji ni wilaya nzima.

Kaimenyi alikaa stoo akilia, shati limefunika uso. Nilimpelekea chai. Aliniambia mjomba wake hajawahi hata kuvuta sigara. Nilimpigapiga mgongoni. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wanasema, lakini mimi nimewatanguliza watu kwanza.

Erot alipita mchana kuniambia kwamba ndama wa Tache amekufa. Mimi ndiye niliyemuua, kwa kijiti cha ejersa.

Kesho nitasema. Au Jumatatu, baada ya Inspekta kupoa.

Ijumaa, 17 Februari

Naandika polepole, nisisahau kitu.

Asubuhi Bwana Fonseca alituita wote chumbani kwake: mimi, Kaimenyi na Inspekta. Juu ya meza palikuwa na chupa moja kutoka sandukuni, ambayo haijawahi kuona mto. Ilikuwa mojawapo ya zile nilizofukiza Jumatano. Aliitia maji aliyoyachemsha mwenyewe mbele yetu, akatikisa, akaweka tone chini ya hadubini. Akamwita Inspekta aangalie. Makaa. Akasema hakuna kambi juu, hakuna kambi chini. Makaa yako ndani ya chupa.

Shingo ya Inspekta ilikuwa inabadilika rangi.

Bwana Fonseca akachukua karatasi yake. Akasema imeandikwa hapa kwamba aliyetayarisha chupa ni Kaimenyi. Kaimenyi akawa wa kijivu. Na mimi, naandika ukweli, nikapumua. Nimeokoka! Ng'ombe watakunywa, M'Ikiara ataachiwa, kosa ni la Kaimenyi, na sikumsingizia mtu. Alijisingizia mwenyewe kwa domo lake. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza. Kunyamaza tu!

Kisha Bwana Fonseca akavua miwani akaifuta. Akasema hata hivyo hawezi kukataa kwamba aliyebuni jambo hili ana akili. Moshi kweli unazuia kuoza. Ameshaona vyuo vikubwa vikishindwa kutunza matope kwenye joto, na mtu mmoja wa Isiolo ameweza kwa kijiti. Ni werevu mkubwa, ila umewekwa mahali pasipo pake.

Nikamwona Kaimenyi akiinua kidevu. Rangi ikamrudia. Akakohoa kidogo, akasema asante, bwana.

Asante!

Damu ilinipanda. Nikaruka juu. Nikasema huyu hata ejersa haijui! Nikasema wazo ni langu, kijiti changu, mkono wangu, chupa iliyopasuka imezikwa jikoni kwa eedo Habsa, mtu aende akafukue! Nikasema Mmeru gani anajua kufukiza chombo? Nikaeleza jinsi ya kuipasha chupa joto kwanza. Nikaeleza na brashi. Nilieleza vizuri sana, kwa mpangilio.

Inspekta aliniuliza taratibu nimejua lini kwamba makaa ni yangu. Ningesema leo. Mtu mwenye akili angesema leo. Nilisema tangu Jumanne. Ukweli ukishaanza kutoka ni kama kuhara.

Inspekta alivua kofia, akaiweka mezani, akanitukana kwa lugha zote za wilaya hii. Sijakamatwa. Bwana Fonseca alimwomba anisamehe, akisema kwamba ikiandikwa ripoti, itabidi iandikwe pia ni nani aliyegeuza maziwa kuwa kambi. Inspekta akaona ni afadhali kusiwe na ripoti.

Amri imeondolewa palepale. Nilikimbia na Erot kwenda kumwambia Tache mwenyewe. Askari walipovuta miiba, ng'ombe hawakungoja mtu. Walikwenda mtoni kwa pamoja, wakaingia mpaka matumboni, wakanywa bila kuinua vichwa. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Tache alisimama karibu nami akiwatazama. Nilimwambia yote. Hakunipiga. Alisema tu kwamba mama wa yule ndama ndiye aliyesimama ukingoni hanywi, nimtazame vizuri nimjue. Nikamtazama.

Jumatano, 22 Februari

Tumerudia kila kitu kwa chupa zilizooshwa kwa sabuni. Mimi ndiye niliyeziosha, huku Kaimenyi akinisimamia. Mikono imebabuka.

Eedo amerudisha vibuyu vyake sokoni. Anaongea na mimi, lakini brashi yake sasa analala nayo.

Ijumaa, 24 Februari

Matokeo ya mwisho. Si mavi. Si damu ya kichinjio. Si migomba ya M'Ikiara. Uchafu wa mlangoni ni matete. Karibu wote! Yanaota palepale, yanakufa palepale, yanaozea palepale. Mtu hahusiki, ng'ombe hahusiki. Tumekamatana mashati kwa ajili ya majani yasiyo na mwenyewe. Pa kunyweshea patabaki wazi, na wakubwa wametia sahihi. Alhamdulillahi.

Nafasi ya Mkaguzi Msaidizi imekwenda kwa Kaimenyi. Leo amepita na baiskeli mbele ya dirisha langu, akaenda, akarudi, akaenda tena. Koti ni kubwa kwake.

Bwana Fonseca anaondoka kesho. Ameshauri matete yakatwe kwa mikono, polepole, baada ya mvua, na Kaimenyi asimamie. Polepole! Itachukua mwaka. Pampu itaendelea kuziba, na mwishowe mtu atawakumbuka ng'ombe tena. Nimelifikiria hilo kwa makini, kwa ajili ya Tache, na nimeona njia fupi. Matete yamekauka vizuri. Yakitiwa moto yanakwisha asubuhi moja. Majivu yanaingia mtoni, maji yanayachukua, kazi imekwisha. Nimemweleza Erot. Amecheka sana, nami nimechukulia kwamba amekubali.

Sitamwambia Kaimenyi wala Inspekta, wasije wakaniwahi. Jumatatu, upepo ukiwa mzuri, nakwenda na mafuta ya taa. Moshi utaonekana mpaka kambini, na safari hii kila mtu atajua ni wangu.